Mwani, Ndevu za Miti na Hela za Sanduku

(Maelezo ya kamati ya rangi, kama yalivyosomwa mbele ya wanachama na wageni siku ya kuadhimisha miaka kumi ya kikundi chetu)



Sisi kamati ya rangi tumepewa nusu saa. Mama mweka hazina ameshaeleza habari za hisa, mikopo na mfuko wa jamii, na amezieleza vizuri kuliko tungeweza sisi. Kwetu tumeambiwa tueleze lile jambo ambalo kila mwanachama mpya akijiunga anaulizia: hivi ni kweli mlitaka kupaka vitambaa rangi ya mwani? Mkapoteza hela? Na yule mwenzenu aliondoka kwa nini?

Ni kweli tulitaka. Hela zilizopotea ni kidogo. Habari ya mwenzetu tutaisema mbele kidogo, maana bila yale yaliyotangulia haieleweki.

Ilikuwa mwaka wetu wa nne. Sanduku letu lenye kufuli tatu lilikuwa limeanza kuwa na uzito, na kama mnavyojua, hela ikikaa kila mtu anapata wazo. Mwenzetu mmoja wa Gare alikuwa amekwenda Tanga msibani, akarudi na mfuko wa mwani mkavu. Huko pwani ameona akina mama wanalima mwani baharini, wanafunga vipande kwenye kamba, kamba kwenye vijiti, maji yakikupwa wanaingia kuvuna. Akasikia pia kwamba huko nje siku hizi watu wanatia nguo rangi kwa mwani, na nguo hizo zinauzwa ghali kwa sababu hazina kemikali. Akaja na hoja kwenye kikao: sisi tayari tunatengeneza batiki, kila mwezi tunanunua rangi za unga, kostiki soda na haidrosalfaiti, mikono inaungua, macho yanawasha. Kwa nini tusitumie mwani?

Hoja ilikuwa nzuri, na tunasema hivyo mpaka leo. Aliomba mkopo wa kikundi, siyo wa mtu binafsi. Kikao kilichukua mchana mzima. Mwisho mama mwenyekiti akasema jambo ambalo tumeliandika kwenye katiba yetu baadaye: sanduku halifunguliwi kwa kitu ambacho hakijafuliwa na kuanikwa. Tukapewa shilingi elfu arobaini tu, za majaribio.

Basi tukajaribu. Tuliloweka mwani, tukachemsha, tukaweka vipande vya marekani nyeupe ndani ya sufuria. Maji yakawa ya kijani iliyochafuka, kama ya mboga za majani zilizopikwa mara mbili. Kitambaa kikatoka na rangi ya chai ya rangi isiyokolea. Tukakipenda! Tukakifua kwa sabuni ya mche, tukakianika. Wiki ya pili kilikuwa cheupe kama kilivyotoka dukani, ila kinanuka bahari.

Tulirudia kwa shabu, tukarudia kwa chumvi, tukarudia kwa siki. Hali ni ile ile. Mwishowe tuliona kwamba jibu tungelipata mapema kama tungeuliza wanaolima. Mwani ule, wakati uko majini, una rangi za kupendeza: mwekundu, kahawia, wa kijani. Ukivunwa na kuanikwa, ukipigwa na jua na umande siku kadhaa, unakuwa mweupe. Rangi iliyoshindwa mkekani haiwezi kushinda kwenye kamba ya nguo. Wataalamu wanaeleza kwamba ule wekundu wa mwani umeshikamana na protini, na ukiupasha moto unavunjika. Ukijani wake ni ule ule wa majani yote, nao kwa jua haudumu.

Mgeni mmoja aliyetutembelea alituambia tutafute ule mwani mdogo sana wa maji ya magadi, ule unaoliwa na heroe kule Ziwa Natron. Unaitwa spirulina. Tulisoma habari zake. Kweli una rangi ya samawati safi kabisa, na viwandani wanaitumia kwenye peremende na aiskrimu. Lakini peremende haifuliwi. Kwenye nguo nayo inakimbia jua. Kinachodumu katika mwani, kwa tulivyosoma, ni kuuchoma: huko Marekani wapo wanaochukua mabaki ya mwani, wanayachoma yakawa masizi meusi, na masizi hayo wanafanya wino wa kuchapia fulana. Hiyo inaeleweka hata kwetu, masizi ya sufuria nani asiyeyajua. Ila akina mama wa Lushoto hatukuhitaji kusafirisha mwani kutoka baharini kuja kuuchoma huku milimani.

Hata hivyo mwani si bure katika kazi ya nguo. Viwanda vya kuchapa vitambaa duniani vinatumia uji unaotokana na mwani wa kahawia, uitwao alijineti. Ukiuchanganya na rangi, rangi inakuwa nzito, inakaa pale ilipogongwa muhuri bila kutambaa. Wangetumia wanga wa kawaida, baadhi ya rangi zingeshikana na wanga badala ya nguo. Sisi tulichemsha mwani wetu wa pwani mpaka ukawa mzito, tukachanganya na rangi, tukagonga kwa mihuri ya mbao. Ulishika vizuri. Kasoro yake unaharibika haraka, siku ya tatu harufu yake inafukuza wateja. Kwa hiyo mkiona ua limekaa sawasawa kwenye baadhi ya vitambaa vyetu, mjue mwani upo pale, ila kazi yake ni kushikilia rangi ya mwingine.

Wenzetu wa Zanzibar wameanza kilimo hicho cha biashara tangu 1989, na wengi wao ni wanawake kama sisi. Nao wamekutana na yao: bei ya mwani mkavu ni ndogo, na ile aina yenye bei nzuri zaidi, wanayoiita kotonii, imekuwa ikifa maji yanapopata joto. Ndiyo maana wengine wakaanza kuusaga na kutia kwenye sabuni. Tumewataja ili msije mkasema tumedharau zao la watu.

Sasa mwalimu mmoja mstaafu, ambaye alikuwa akitusaidia kuandika muhtasari, alipotuona tumekata tamaa akatuuliza: mnajua malele? Hatukujua. Akasema ni neno la Kiswahili cha zamani, wengine husema marere. Ni kitu kinachoota kama ndevu au vinyuzi vya kijivu juu ya magome ya miti na miamba karibu na bahari. Katika karne ya 19 malele yalikusanywa pwani hii yetu, kuanzia Benadiri hadi kusini, yakapelekwa Zanzibar, na kutoka hapo meli zikayapeleka Ulaya kutengeneza rangi ya zambarau ya sufu na hariri. Yaani babu zetu wa pwani walikuwa wakiuza rangi kabla hata ya katani.

Malele si mwani peke yake. Ni viumbe wawili wanaoishi kama kimoja, kuvu na mwani. Kuvu inatoa nyumba na kuhifadhi maji, mwani unapika chakula kwa kutumia jua. Ukikitazama huoni mahali kimoja kinapoishia na kingine kinapoanzia.

Namna ya kupata rangi yake, mheshimiwa mgeni rasmi utusamehe, ilikuwa ni kuyakatakata malele na kuyaloweka kwenye mkojo uliolala, yakikorogwa kila mara ili hewa iingie, kwa majuma kadhaa, mpaka zambarau itoke. Kinachofanya kazi ni ile amonia inayowasha pua. Na ninyi wenye watoto sekondari, karatasi za litmasi wanazotumia maabara, zile zinazogeuka nyekundu kwa asidi na buluu kwa magadi, asili yake ni jamaa hao hao wa malele.

Biashara ile iliuawa na kijana mmoja. Mwaka 1856 huko London, William Henry Perkin, mwenye umri wa miaka 18, alikuwa anajaribu kutengeneza kwinini kutokana na vitu vya lami ya makaa ya mawe. Kwinini haikupatikana, ikapatikana zambarau. Baada ya hapo rangi za viwandani zikafuatana, na mkusanyaji wa malele akakosa mnunuzi. Kwinini yenyewe aliyokuwa akiitafuta, miti yake ililetwa baadaye na Wajerumani ikapandwa kule Amani, kwenye milima yetu hii hii ya Usambara. Dunia ni ndogo.

Basi mwalimu alipomaliza, tulitazamana. Maana ndevu za miti sisi tunazo! Nani hapa hajaziona kule Magamba, zinaning'inia kwenye matawi, kijani iliyopauka, asubuhi ya ukungu zikidondosha maji kama nguo iliyoanikwa? Si malele ya pwani, lakini ni ukoo huo huo wa kuvu na mwani, na hazihitaji mkojo. Unachemsha kwa maji matupu.

Tuliokota za kwenye matawi yaliyoanguka baada ya upepo mkubwa, chini ya miti ya shambani. Kwenye marekani zikatoa rangi hafifu tu. Mwalimu akasema hizi ni za sufu. Tukanunua nyuzi za sweta dukani, hazikushika kabisa, kumbe nyuzi nyingi za dukani si sufu ya kondoo, ni plastiki. Hapo ndipo mwenzetu mmoja akapata akili ya kwenda gulioni kwenye mitumba, akatafuta sweta la sufu halisi. Njia ya kulijua ni kuchoma uzi mmoja: plastiki inayeyuka na kuwa shanga ngumu, sufu inanuka kama nywele zilizoungua na kuacha jivu. Akafumua sweta zima, tukachemsha polepole kwa saa mbili na ndevu zetu, tukaacha ipoe humo humo usiku.

Asubuhi tulipofungua sufuria hakuna aliyesema neno. Ilikuwa rangi ya asali. Tulifua mara tano, tukaanika juani mwezi mzima, haikuondoka. Na harufu ya msitu ilibaki ndani ya uzi.

Tulifuma mtandio mmoja. Mnunuzi mmoja kutoka nje ya mkoa akauona, akaugeuza, akaunusa, akasema anataka 120. Sufu ataleta yeye. Sisi tutoe rangi na mikono. Malipo aliyotaja yalikuwa makubwa kuliko gawio letu la mwaka mzima. Ilikuwa Desemba. Kila mmoja wetu alikuwa na karo ya Januari kichwani.

Kamati ilikaa ikapiga hesabu. Kwa majaribio yetu, sufu ya robo kilo ilihitaji ndevu kavu nusu kilo ili ikolee. Mitandio 120 ni kilo 60. Mtasema kilo 60 ni nini, mbona magunia ya viazi tunabeba. Lakini ndevu zikikauka ni nyepesi kama pamba. Gunia lililoshindiliwa mtoto analibeba kichwani akikimbia. Zile za kuokota chini zilikuwa zimetuchukua mvua nzima kupata beseni mbili. Kilo 60 maana yake ni kupanda miti na kukwangua matawi, na miti yenyewe yenye ndevu nyingi iko ndani ya hifadhi ya Magamba. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inataka kibali kwa mazao ya msitu wa hifadhi. Na hata tungepata kibali, vitu hivi vinakua polepole mno, vingine milimita chache kwa mwaka. Ndevu unayoing'oa leo kwa dakika moja, mjukuu wako ndiye atakayeiona tena ikiwa ndefu hivyo. Oda ya pili tungeitoa wapi?

Mjadala ulikuwa mkali, hatufichi. Upande mmoja walisema: ua la Saintpaulia Wazungu walilichukua kwenye milima hii mwaka 1892, sasa linauzwa kwenye vyungu dunia nzima, nani aliwauliza, nani alitulipa? Leo sisi wenyewe tukichukua ndevu tu, siyo mti, siyo mbao, tunaambiwa msitu! Upande wa pili walisema maji ya vijiji vyetu yanatoka msituni, na mto Umba unaanzia milima hii. Aliyezoea kukwangua tawi, kesho atakata tawi. Pande zote mbili zilikuwa na haki yao. Tulipiga kura kwa mbegu za maharage, nyeupe na nyekundu. Oda ilikataliwa kwa tofauti ya mbegu tatu.

Mwenzetu wa Gare, aliyeleta mfuko wa mwani, aliyefumua sweta, aliyelala jikoni akilinda ule moto, ndiye aliyekuwa na shida kuliko sisi sote mwaka ule. Mtoto wake alikuwa amefaulu kwenda shule ya bweni. Baada ya kura alisimama akasema: mnalinda ndevu za miti, mwanangu mtamlinda lini? Mmoja wetu akamjibu vibaya. Wengine wakacheka. Wiki iliyofuata alikuja kudai hisa zake, akalipwa mpaka senti ya mwisho, akatia saini, akaondoka.

Katika vitabu hilo limeandikwa kama mwanachama kujitoa kwa hiari. Sisi kamati tunataka liandikwe vingine katika kijitabu hiki. Uamuzi wa kura tunausimamia. Lakini tulikuwa na mfuko wa jamii, ambao kazi yake ni shida kama ile, na hakuna hata mmoja wetu aliyenyoosha mkono akasema tumpe. Tulikataa oda saa nane, tukafunga kikao saa nane na nusu kwa sababu mvua ilikuwa inakuja. Nusu saa ile ndiyo tunayoijutia. Kanuni ya sasa, kwamba kikao kikikataa mradi wa mwanachama hakifungwi kabla ya kusikiliza shida iliyomfanya aulete, imetoka hapo. Tulikwenda kwake watatu mwaka jana kuomba radhi. Alitupokea, akatupa chai, akasema ameshasahau, na sote tukajua hajasahau. Leo amealikwa. Kama amefika hatutamwonyesha kwa kidole.

Mtoto wake alisoma. Alilipiwa na mjomba.

Baada ya hapo tuliacha ndevu, tukageukia vitu ambavyo huku kwetu vinatupwa. Mbegu za parachichi zinatoa waridi ya udongo, na zinashika pamba bila hata shabu. Maganda ya vitunguu na shabu yanatoa manjano inayoelekea chungwa. Majani ya chai yaliyokwisha kazi yanatoa kahawia. Gome la miwati, kutoka kwenye miti inayokatwa kwa kuni na nguzo, tunachemshia kitambaa kwanza, maana lina tanini, na tanini ndiyo inayofanya pamba ikubali shabu na shabu ikubali rangi. Ukiongeza misumari yenye kutu unapata kijivu mpaka karibu na weusi. Bizari ya manjano tulijaribu, inang'aa sana siku ya kwanza, tuliiacha. Tungeweza kuongea juu ya parachichi mpaka jioni, lakini tunaona mama mwenyekiti anatazama saa.

Msije mkadhani tumetajirika. Rangi hizi zinachukua siku tatu kwa kitambaa ambacho batiki ya rangi ya dukani kinachukua saa moja, na mteja wa kawaida gulioni anataka nyekundu inayowaka, siyo waridi ya udongo. Mpaka leo mapato makubwa ya kamati yanatokana na batiki za kawaida, kwa kostiki ile ile, ila sasa tunavaa glavu na maji machafu hatumwagi tena mtaroni kuelekea kijito. Vitambaa vya mbegu na maganda wanavinunua wageni wa Irente na Soni, na akina mama wachache wenye macho yao. Vinalipa karo za watoto wanne kwa mwaka, siyo wote.

Ile elfu arobaini ya majaribio iliandikwa hasara, na ilirudishwa sandukuni mwaka wa sita kutokana na mauzo ya mbegu za parachichi. Risiti iko kwa mweka hazina.

Pale nje, chini ya mgrevilea, tumeweka meza. Kuna vipande vyote tulivyojaribu tangu mwaka ule, kila kimoja nusu yake kilifunikwa kwa ubao na nusu kiliachwa juani, ili mwone wenyewe. Cha mwani kiko mwanzo kabisa. Msishangae, ni kile cheupe. Mtandio wa asali uko katikati, nao hauuzwi, msiulize bei. Mkimaliza kula karibuni mtazame, lakini tafadhali mnawe kwanza, mafuta ya pilau hayatoki kwenye sufu.